Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya mafunzo ya madaktari: Dharura za watoto zifundishwe huku Kusini

Mtwara

Kwa wenye dhamana ya mafunzo ya madaktari na huduma za dharura katika mikoa ya Mtwara na Lindi

YAH: MAFUNZO YA TIBA YA DHARURA ZA WATOTO KWA MADAKTARI WANAOSOMEA UBINGWA

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni daktari wa watoto mkoani Mtwara, na sehemu ya kazi yangu ni kuwasimamia madaktari vijana: watarajali walio katika mwaka wao wa mafunzo kwa vitendo, pamoja na madaktari wanaosomea ubingwa, ambao wodini tunawaita marezidenti, wanaoletwa kwetu na vyuo kwa mizunguko, yaani vipindi vya kujifunzia kazini. Ninaandika hadharani kwa sababu njia za ndani zimegonga mwamba. Tulianza kwa mkuu wa idara, tukapanda ngazi moja baada ya nyingine kama taratibu za utumishi zinavyotaka, tukaambatanisha mihtasari ya vikao na orodha ya vifaa, na kila mara tulichorudishiwa ni barua fupi inayosema kwamba suala letu limepokelewa na linafanyiwa kazi. Waliotujibu hivyo ni watu ninaowaheshimu, na sidhani kama wana nia mbaya. Lakini marezidenti wamekuja na kuondoka, baadhi yao sasa ni mabingwa kamili, na hadi leo mafunzo ya mpangilio ya namna ya kumpokea mtoto aliye mahututi hayajaingizwa kwenye ratiba yao.

Ninachokidai ni kimoja. Daktari anayesomea ubingwa wa watoto, na vilevile anayesomea ubingwa wa magonjwa ya dharura, ajifunze kumwokoa mtoto katika saa ya kwanza kwa mikono yake mwenyewe, mara kwa mara, akiwa na msimamizi pembeni, na ajifunzie katika hospitali za aina ile atakayopangiwa akihitimu.

Sidharau hatua ambayo nchi imepiga. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015–16 ulionyesha kuwa kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 67 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano; utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha 43. Chanjo, vyandarua, dawa mseto na kliniki za mama na mtoto zimefanya kazi kubwa, na waliozisimamia wanastahili shukrani. Katika hao 43, hata hivyo, 24 hufariki katika mwezi wa kwanza, na waliosalia ni watoto ambao sisi wa wodini tunawafahamu kwa sura: wa malaria kali, nimonia, kuhara, upungufu wa damu, selimundu, utapiamlo na ajali za nyumbani. Mtwara ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyokutwa na maambukizi makubwa ya malaria kwa watoto wa chini ya miaka mitano katika utafiti huo wa 2022, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 8. Shirika la Afya Duniani nalo limeeleza kwa miaka mingi kwamba vifo vya watoto hospitalini mara nyingi hutokea ndani ya saa 24 tangu mtoto apokelewe. Kwa hiyo daktari wa kwanza kumgusa mtoto huyo ana uzito kuliko bingwa atakayempitia kesho yake asubuhi kwenye raundi.

Malalamiko yetu ni haya yafuatayo.

1. Mtoto mahututi hana mwenyewe katika ratiba za mafunzo. Rezidenti wa magonjwa ya dharura hutumia muda wake mwingi kwa watu wazima, kwa sababu ndio wanaojaza vitanda: ajali za bodaboda, kiharusi, shinikizo la damu. Rezidenti wa watoto yuko wodini, na mtoto humfikia baada ya kupita mapokezi, akiwa ametulizwa au hajatulizwa. Kila upande unaamini kwamba mwenzake ndiye anayefundishwa dharura za watoto. Matokeo yake ni kwamba daktari anaweza kumaliza miaka mitatu ya ubingwa bila kusimamiwa hata siku moja akimpokea mtoto aliyekunywa dawa ya mikorosho iliyohifadhiwa kwenye chupa ya soda, jambo ambalo katika msimu wa kupulizia mikorosho si geni kwa yeyote aliyefanya kazi Newala, Tandahimba au Nachingwea.

2. Marezidenti wanafundishwa kujua, hawafundishwi kutenda. Chukueni mfano wa mtoto mwenye kilo 10 anayeletwa saa nane usiku kwa bodaboda, amebanwa katikati ya mama yake na dereva, degedege limemshika tangu wako njiani. Anatakiwa kufunguliwa njia ya hewa, kupewa oksijeni, kupewa diazepamu kwa njia ya haja kubwa, na kupimwa sukari papo hapo. Sukari ikiwa chini ya milimoli 2.5 kwa lita, anahitaji mililita 5 za dekstrozi (maji ya sukari) ya asilimia 10 kwa kila kilo ya uzito wake, yaani mililita 50. Iliyoko kabatini ni ya asilimia 50. Inabidi mtu avute mililita 10 za hiyo, achanganye na mililita 40 za maji ya sindano, ndipo apate 50 anazozihitaji. Hesabu hii kila rezidenti anaijua darasani. Lakini mama akiwa analia, taa ikiwa hafifu na mtoto akiwa anabadilika rangi, nimemwona daktari mwenye akili nyingi kabisa akisimama na bomba la sindano mkononi, akianza hesabu upya, huku muuguzi akimtafutia karatasi ya kuandikia. Simlaumu hata kidogo. Angekuwa amelifanya zoezi hilo kila wiki na wauguzi wa zamu yake, asingehitaji karatasi.

Hali ni hiyohiyo kwa mfuko wa kupumulishia, ambao sote tunauita ambu. Kinyago kikubwa kinachofika hadi kwenye macho ya mtoto huvujisha hewa. Kichwa cha mtoto mchanga kikilazwa nyuma kama cha mtu mzima, njia ya hewa hujibana badala ya kufunguka. Mkono unaobana mfuko kwa hofu hujaza hewa tumboni, mtoto akatapika na kupaliwa. Anayejua kazi hutazama kifua kama kinainuka, na asipokiona kikiinuka hurekebisha kichwa na kinyago kabla ya kubana tena. Hakuna nahodha wa Mikindani aliyefunzwa kushika usukani akiwa amesimama ufukweni, na mambo haya nayo hayafundishiki kwa slaidi.

3. Ushahidi uliopatikana kwa watoto wetu wenyewe hauwafikii madaktari wetu kwa vitendo. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliohusisha watoto zaidi ya 3,000 nchini Uganda, Kenya na Tanzania, wakiwemo wa hospitali ya Muheza mkoani Tanga. Watoto wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu waliopewa maji mengi ya mshipa kwa haraka walifariki zaidi kuliko ambao hawakupewa: takriban asilimia 10.5 ndani ya saa 48, dhidi ya asilimia 7.3. Utafiti huo ulibadilisha mawazo ya madaktari duniani kote. Hata hivyo, vitabu vingi ambavyo marezidenti wanavisomea viliandikwa kwa ajili ya hospitali zenye chumba cha uangalizi maalumu na mashine ya kupumulia, na mkono wa daktari aliyechoka hukimbilia kufungua dripu ikimbie. Mtoto aliyekaukiwa kwa kuhara anayahitaji maji hayo haraka. Mwenye malaria kali na damu kidogo anahitaji damu, na maji mengi yanaweza kumuua. Mwenye utapiamlo mkali ana kanuni zake peke yake. Kuwatofautisha watoto hao watatu ndani ya dakika chache, kwa kugusa mikono na miguu, kutazama kope na viganja, na kuhesabu muda ambao rangi ya ngozi inarudi baada ya kuibonyeza, ni ujuzi unaohitaji mwalimu aliyesimama upande wa pili wa kitanda.

4. Zamu za usiku zimeachwa mikononi mwa wanaojifunza. Ratiba ukutani inaonyesha jina la bingwa, lakini bingwa huyo mara nyingi anahudumia wodi nyingine au yuko safarini kikazi, na rezidenti anajikuta ndiye mkubwa wa jengo zima. Anajifunza, ni kweli. Anajifunzia kwa mtoto wa mtu bila yeyote wa kumwambia amekosea wapi, na akirudia kosa lilelile mara kadhaa linageuka kuwa desturi yake, ambayo ataibeba hadi atakakopangiwa na kuwarithisha watarajali wake.

5. Vifaa vya watoto havipo mahali pa kufundishia. Vinyago ni vya watu wazima, kipima oksijeni kilichopo kinabana kidole cha mtu mzima na huteleza kwenye kidole cha mtoto, vipande vya kupimia sukari vimefungiwa kabatini na mwenye ufunguo ameondoka saa tisa na nusu alasiri. Sindano ya kuingizia maji au dawa kwenye mfupa, ambayo ndiyo mkombozi pale mishipa inapokosekana, marezidenti wengi wameiona kwenye picha tu. Mwanasesere wa kufanyia mazoezi hatuna.

6. Hakuna anayefundishwa kumsafirisha mtoto mahututi. Mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, unaopigiwa namba 115, umeokoa wajawazito, wazazi waliojifungua na watoto wachanga, na sisi ni mashahidi. Mtoto wa miaka miwili mwenye nimonia kali hamo katika mpango huo. Kutoka Masasi hadi Mtwara mjini ni karibu kilomita 200, na kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya 550. Mei 2024, mvua za kipindi cha Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Dar es Salaam eneo la Somanga, sote tuliona kwamba rufaa ya kwenda Dar inaweza kufungwa usiku mmoja. Rezidenti anapaswa kufundishwa nini cha kufanya kabla gari halijaondoka, oksijeni ya kiasi gani ipakiwe, nani akae na mtoto, na lini ni salama zaidi kutoondoka kabisa.

Waheshimiwa, najua majibu ambayo yanaweza kutolewa, na nitayagusa kwa heshima.

Itasemwa kwamba marezidenti hujifunza dharura wakiwa Dar es Salaam. Ni kweli, na tunajivunia kwamba Muhimbili ilifungua idara ya magonjwa ya dharura na kuanzisha shahada ya uzamili ya fani hiyo mwaka 2010. Waliohitimu pale ni miongoni mwa madaktari bora niliowahi kufanya nao kazi. Lakini daktari aliyezoea oksijeni inayotoka ukutani hajui afanye nini umeme unapokatika, mashine ya kuzalisha oksijeni ikazimika na mtungi wa akiba hauna spana ya kuufungulia. Hilo atalijua akifundishwa huku.

Itasemwa kwamba majengo ya dharura yamejengwa. Yamejengwa, na fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa za mwaka 2021 zilisaidia hospitali nyingi nchini kupata majengo hayo. Tunashukuru. Jengo bila watu waliofundwa kulitumia linabaki na vigae vyeupe na milango mipana.

Itasemwa kwamba kambi za madaktari bingwa hutufikia. Wanakuja, wanafanya kazi kutwa na wananchi wanafaidika, ila siku chache za kambi hazimjengi rezidenti. Hapa naomba mtazame yaliyotokea Haydom, mkoani Manyara. Wakunga na wahudumu wa hospitali ile walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua, na katika mtihani wa mwanasesere walifanya vizuri. Chumbani kwa wazazi utendaji haukubadilika. Yalipoanzishwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini, ndipo vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipopungua. Huo ni ushahidi wa nchi hii, uliopatikana katika hospitali ya vijijini, na unazijibu semina zote za siku moja ambazo tumekuwa tukiandaliwa na kugawiwa vyeti.

Itasemwa kwamba hakuna fedha, na kwamba mabingwa ni wachache. Majirani zetu wa Malawi hawatuzidi fedha. Katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, kuanzia mwaka 2001, walipanga upya mapokezi ya watoto: kila mtoto akichambuliwa mara tu anapofika, aliye hatarini akitolewa kwenye foleni na kutibiwa papo hapo, wafanyakazi wakifundishwa kazi hiyo. Vifo vya watoto waliolazwa vilishuka kutoka kati ya asilimia 10 na 18 hadi kati ya 6 na 8. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa mpangilio na mafunzo. Kuhusu uhaba wa mabingwa, mwalimu wa kumpa hewa mtoto kwa ambu si lazima awe bingwa. Tunao wauguzi waliokaa wodi ya watoto miaka mingi ambao mikono yao inaweza kumfunza rezidenti yeyote, wapewe tu nafasi hiyo rasmi na posho inayoendana nayo.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo.

(a) Uwepo mzunguko wa lazima wa dharura za watoto, usiopungua miezi miwili, kwa marezidenti wa watoto na wa magonjwa ya dharura, na angalau nusu yake ufanyike katika hospitali za Mtwara au Lindi. Rezidenti asihesabiwe kuwa amemaliza mpaka msimamizi asaini kwamba amemwona akitenda.

(b) Kila wiki liwepo zoezi fupi la nusu saa kazini, daktari na muuguzi wakiwa pamoja, likiwa limeandikwa kwenye ratiba ya zamu kama raundi inavyoandikwa. Degedege wiki hii, mtoto asiyepumua wiki ijayo, kuhara kukali inayofuata, kisha sumu, kisha kuungua.

(c) Kila zamu ya usiku iwe na msimamizi anayejulikana kwa jina na anayepatikana, na rezidenti asiachwe peke yake katika wiki zake za kwanza.

(d) Kila chumba cha dharura kitengewe meza moja ya watoto isiyofungwa kwa ufunguo: ambu na vinyago vya ukubwa wote, kipima oksijeni cha watoto, kipima sukari na vipande vyake, sindano za mfupani, na chati ya dozi kwa uzito iliyobandikwa ukutani. Pamoja nayo atolewe mwanasesere mmoja wa mazoezi kwa kila hospitali inayopokea marezidenti.

(e) Kila kifo cha mtoto ndani ya saa 24 za kwanza kijadiliwe ndani ya wiki hiyohiyo, rezidenti akiwepo, bila kutafuta mchawi. Vikao vya vifo tulivyozoea huishia kwenye kuulizana nani alikuwa zamu, na kwa sababu hiyo watu huja wamejiandaa kujitetea.

(f) Ufunguliwe mjadala na wanaosimamia usafiri wa dharura ili watoto wa chini ya miaka mitano walio mahututi waingizwe katika mpango, na mafunzo ya kusafirisha mtoto yawe sehemu ya mzunguko unaotajwa katika (a).

Yaliyomo katika (b), (c) na (e) hayahitaji kusubiri bajeti. Yanahitaji waraka wenye saini. Tunaomba waraka huo utoke kabla marezidenti wa mwaka ujao wa masomo hawajapangiwa mizunguko, kwa sababu wanapofika kwetu mvua za Kusini huwa ziko mlangoni, na baada ya mvua wodi za watoto hujaa malaria hadi vitanda vinalaliwa na watoto wawiliwawili. Kwa (a), (d) na (f) tunaomba jibu la maandishi linalotaja nani atafanya nini na kufikia tarehe gani. Mimi na wenzangu tuko tayari kuandaa mtaala wa mazoezi hayo ya kila wiki na kuyaendesha, na rasimu yake tunaweza kuiwasilisha siku yoyote mtakayotuita.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Daktari wa watoto,
Mtwara

Nakala: Wakuu wa vyuo vinavyoleta marezidenti Mtwara na Lindi